Rangi za Canon, Nikon, Sony na Fujifilm: ipi inaitendea haki ngozi nyeusi?

Wapiga picha wa harusi wakikutana, hoja ya rangi haichelewi kuzuka. Wa Canon atasema Sony inawatoa watu kama wagonjwa. Wa Sony atajibu kwamba hayo yalikuwa ya kamera za zamani. Wa Fujifilm atasema yeye picha hata haziediti. Kila mmoja ana ukweli wake, ila mara nyingi wanalinganisha vitu visivyolingana. Hapa tunazipima kamera hizi kwa kazi moja tu: kupiga watu weusi na wa maji ya kunde, nje juani na ndani ya ukumbi wa sherehe. Hukumu tuitoe mapema. Ukitoa JPEG moja kwa moja, yaani picha ambayo kamera imeshaipika yenyewe, tofauti kati ya kampuni ni kubwa na inafaa kuizingatia unaponunua. Ukipiga RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaipika, na kuediti mwenyewe, tofauti hiyo inapungua sana. Na ukikosea mwangaza au taa, hakuna kampuni itakayokuokoa.

Kwanza tujue rangi inatoka wapi. Sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, haioni rangi. Kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya sensa, inapima kiasi cha mwanga tu, na juu yake kuna kichujio chekundu, cha kijani au cha bluu. Mpangilio unaotumika kwenye kamera nyingi ni wa Bryce Bayer wa Kodak, uliopata hataza mwaka 1976: katika kila pikseli nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu na moja bluu. Kamera inakadiria zilizokosekana kwa kuangalia za jirani. Baada ya hapo ndipo kampuni inaweka mkono wake: nyekundu hii isogezwe wapi, kijani kikolezwe kiasi gani, kivuli kiwe kizito au chepesi. Ushahidi kwamba kazi kubwa iko hapo ni huu: Nikon na Fujifilm wananunua sensa zao nyingi kutoka Sony, na bado picha za watatu hawa hazifanani. Unga ni mmoja, wapishi mbalimbali.

Canon ndiyo inayosifiwa zaidi kwa ngozi, na sifa hiyo inaistahili. Mfumo wake wa mitindo ya rangi uitwao Picture Style, ulioingia na kamera ya EOS 5D mwaka 2005, unaipeleka ngozi kwenye joto: wekundu kidogo, kijani karibu hakipo. Mtu wa maji ya kunde anatoka vizuri bila kugusa kitu. Kwa mtu mweusi tii, mtindo wa Standard unazidisha wekundu, hasa mashavuni na pale paji la uso linapong'aa, mpaka ngozi inaelekea rangi ya shaba. Dawa iko ndani ya kamera. Fungua Picture Style, chagua Portrait au Neutral, bonyeza INFO, kisha sogeza Color tone hadi +1. Upande wa jumlisha unavuta ngozi kwenye manjano, upande wa kutoa unaivuta kwenye wekundu; wengi wanakisia kinyume chake na kuharibu zaidi. Contrast ishushe hadi −1 au −2, maana kontrasti kubwa, yaani tofauti kali ya mwanga na giza, inafunga kivuli cha chini ya macho na pembeni mwa pua, sehemu ambazo kwa ngozi nyeusi tayari ziko gizani. Mtindo wa Faithful usiutumie ukiwa ukumbini. Canon waliutengeneza ulingane na rangi halisi chini ya mwanga wa kelvini 5200 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), yaani jua la mchana, na taa za ukumbi haziko hapo.

Udhaifu wa Canon uko kwenye nguo. Nyekundu nzito inaelekea uchungwa, na sare ya damu ya mzee inaweza kutoka wazi kuliko ilivyo. Mama aliyechagua kitambaa hicho kwa wiki tatu ataliona hilo kabla hajaangalia uso wa mtu yeyote.

Nikon ilileta mfumo wake, Picture Control, mwaka 2007 kwenye kamera za D3 na D300, na falsafa yake ni nyingine: kukaa karibu na kitu chenyewe. Kitenge chenye kijani tatu tofauti kinatoka na kijani tatu tofauti. Ngozi inakuwa na umanjano kiasi, jambo linalowafaa watu weusi sana kuliko linavyowafaa weupe. Ukiona umanjano umezidi, usikimbilie Saturation, yaani ukolezi wa rangi. Nenda Portrait, kisha gusa Hue kidogo: kutoa kunasogeza nyekundu kwenye zambarau, kujumlisha kunaisogeza kwenye chungwa. Nusu hatua inatosha, maana Hue inasogeza rangi zote kwa pamoja. Nyekundu ikienda zambarau, kijani nacho kinaelekea manjano na bluu inaelekea kijani. Vivid usiitumie kwa uso wa mtu.

Hapa kuna jambo linaloharibu ulinganisho mwingi wa Canon na Nikon. Mizani ya weupe, ile WB ya kwenye menyu inayoiambia kamera mwanga ni wa rangi gani, ina michoro inayofanana kwa kampuni zote, lakini namba zilizo nyuma ya michoro hazifanani. Mchoro wa kivuli ni kelvini 7000 kwa Canon na 8000 kwa Nikon, na namba ikiwa kubwa picha inatoka ya moto zaidi. Mchoro wa balbu ni 3200 kwa Canon na 3000 kwa Nikon. Mtu anaweka kamera mbili chini ya mwembe, anachagua mchoro uleule, Nikon inatoka ya moto zaidi, naye anaondoka akisema Nikon ina manjano. Alicholinganisha ni namba mbili tofauti.

Sony ina kesi ya zamani na kesi mpya. Lawama za ngozi yenye umanjano na ukijani zilikuwa za haki kwa vizazi vya mwanzo vya kamera zake za A7, na kwenye ngozi ya maji ya kunde ziliumiza kweli: mtu alitoka kama ana homa ya manjano. Tangu A7S III ya mwaka 2020 kampuni imebadili mfumo kutoka Creative Style kwenda Creative Look, na ngozi imekaa sawa zaidi. Kwa watu tumia PT (Portrait). Ukitaka nafasi ya kuediti, NT (Neutral). VV na VV2 (Vivid) ziachie mandhari. FL ina mvuto wake lakini inapoza vivuli, na ngozi nyeusi iliyoko kivulini inapata ukijivu usiopendeza.

Kasoro inayobaki ni kwamba Creative Look haina kitufe cha kusogeza mwelekeo wa rangi kama Color tone ya Canon au Hue ya Nikon. Unapata kontrasti, vivuli, ukolezi na mengineyo, basi. Kwa hiyo marekebisho ya ngozi yanafanyika kwenye mizani ya weupe: fungua White Balance, nenda kwenye kile kisanduku cha mraba, sogeza hatua moja kuelekea M na nusu hatua kuelekea A. M ni majenta, inayofuta ukijani. A ni kaharabu, inayoongeza joto. Pia badili Priority Set in AWB (AWB ni mizani ya weupe inayojiweka yenyewe) iwe White ukiwa kwenye kumbi zenye balbu za njano. Ukiiacha Ambience, kamera inatunza ule unjano kwa makusudi.

Fujifilm ni kampuni iliyoanza mwaka 1934 ikitengeneza filamu, na inajivunia hilo kwenye menyu: badala ya Standard na Portrait unakutana na majina ya filamu. Provia ndiyo ya kawaida. Velvia, iliyoingia sokoni kama filamu mwaka 1990, ni ya bahari na mashamba. Ukiipigia uso unapata mashavu mekundu na masikio yanayowaka. Astia inalainisha ngozi huku ikiacha anga na majani na nguvu zake, na ndiyo tunayoipendekeza kwa picha za nje za maharusi ufukweni. Classic Chrome inapunguza ukolezi na kuikaza kontrasti. Mitaa ya mji mkongwe inatoka nayo vizuri sana, lakini ngozi nyeusi inapoteza uhai. PRO Neg. Std ndiyo ya ukumbini: kontrasti ndogo, mpito laini kutoka kwenye mwanga hadi kwenye kivuli cha shavu. Kwenye kamera mpya kuna REALA ACE, iliyoanza na GFX100 II mwaka 2023, na hiyo kwa watu weusi ndiyo bora kuliko zote. Rangi inabaki karibu na ukweli, na bado picha ina nguvu.

Vitu viwili zaidi kwenye Fujifilm vinastahili kujulikana. Color Chrome Effect ikiwekwa Weak inarudisha mikunjo kwenye vitambaa vyekundu vilivyokolea ambavyo vingetoka kama bati lililopakwa rangi. Na Dynamic Range ya DR200 inalinda shela kwa kupiga picha giza stopu moja, yaani kwa nusu ya mwanga, kisha kuinua sehemu za kati, ndiyo maana inadai ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) ya juu kidogo. Canon wana kitu cha aina hiyo kiitwacho Highlight Tone Priority, nacho kinaanzia ISO 200.

Anayetaka kutoa picha usiku uleule wa sherehe bila kuediti, basi, achukue Fujifilm au Canon. Anayepiga nguo, bidhaa na vitenge vya kuuza mtandaoni, Nikon. Sony ni kamera nzuri sana kwa kufuatilia jicho na kwa video, lakini rangi yake ya JPEG bado inahitaji mkono wako.

Sasa mwangaza, maana hapa ndipo ngozi nyeusi inapoharibikiwa na kampuni ikalaumiwa bure. Kipimo cha kamera kinadhani kila kitu ni kijivu cha kati. Ukimpima bibi harusi mwenye shela nyeupe, kamera inaipaka shela ukijivu na uso unazama. Ukija kuuinua kwenye kompyuta, chembechembe zinapanda na rangi inachafuka: Canon za zamani zinatoa michirizi, Sony inaelekea ukijani, Nikon inavumilia zaidi. Tumia kipimo cha nukta, kile kinachopima sehemu ndogo tu ya picha (Spot), lenga shavu lenye mwanga, kisha weka fidia ya mwangaza kati ya −0.7 na −1. Kwa mtu mweusi sana nenda hata −1.3, lakini usivuke hapo. Chati ya rangi ya ColorChecker, iliyotoka mwaka 1976, inaanza na kisanduku cha ngozi nyeusi, na kisanduku hicho kiko chini ya kijivu cha kati kwa karibu stopu moja. Ni jambo la kushangaza, kwa sababu wakati huohuo maabara za filamu zilikuwa zikirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye mwanamke mweupe, na watu weusi walilipia uamuzi huo kwenye albamu zao kwa miaka mingi.

Nyekundu ina mtego wake. Histogramu ya kawaida, ule mchoro wa kamera unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia, inaweza kuonyesha mambo shwari wakati mkondo mwekundu peke yake umeshafurika. Hariri ya damu ya mzee inatoka bapa, bila mkunjo hata mmoja. Washa histogramu ya RGB, inayoonyesha nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, na ukiona nyekundu imegonga ukuta wa kulia, shusha mwangaza theluthi moja ya stopu au punguza Saturation hadi −1.

Nyeusi nayo ina lake. Buibui la kitambaa cha sintetiki linarudisha mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Leica M8 ya mwaka 2006 ilikuwa na kinga hafifu dhidi ya mwanga huo, nguo nyeusi zikatoka zambarau, na kampuni ikalazimika kuwapa wateja vichujio vya kuweka mbele ya lenzi. Kamera za leo zina kinga nzuri, lakini ukifunga kichujio kizito cha ND, kile cha kupunguza mwanga, kupiga video juani, tatizo linarudi: buibui linakuwa hudhurungi wakati kanzu iliyo pembeni ni nyeupe safi. Nunua ND yenye kinga ya infraredi. Kusogeza mizani ya weupe hakusaidii, kwa sababu utaivuruga kanzu ili kuiokoa nguo nyeusi.

Taa za LED za bei nafuu ni janga jingine. Nyingi zina upungufu wa nyekundu, na ngozi nyeusi bila nyekundu inakuwa ya kijivujivu kwenye kila kamera. Jukwaa likimwagiwa bluu au zambarau tupu, hakuna namba ya kelvini itakayorudisha ngozi, kwa kuwa rangi inayohitajika haimo kwenye mwanga. Washa flashi yako, au omba wapambaji wawashe taa nyeupe wakati wa kukata keki.

Kwa wanaopiga RAW: Lightroom, programu ya kuediti ya Adobe, haifuati rangi ya kamera yako. Inakufungulia na Adobe Color, ambayo ni tafsiri ya Adobe yenyewe, na wengi wanaihukumu Sony au Nikon kwa rangi ambazo kampuni hizo hazikuzitengeneza. Fungua orodha ya Profile, nenda Camera Matching, chagua Portrait au ile inayolingana na uliyoiweka kwenye kamera. Programu za bure za kampuni, yaani Digital Photo Professional ya Canon na NX Studio ya Nikon, zinafuata mipangilio ya kamera tangu mwanzo.

Mkiwa wawili ukumbini, mmoja na Canon na mwingine na Sony, msilinganishe kelvini kwa mdomo. 4000 ya huyu si lazima iwe 4000 ya yule. Shikeni kadi moja ya kijivu pale atakapokaa bibi harusi, kila kamera ichukue mizani yake ya weupe kutoka kwenye kadi hiyo, kisha pigeni picha moja ya chati ya rangi kwa kila kamera. Nyumbani tengeneza profaili ya kila moja, yaani faili la kusahihisha rangi zake, kutokana na picha hiyo. Chati isiwe na mng'ao, na kisanduku cheupe kisifurike, la sivyo profaili itapotosha nyekundu zote. Taa zikibadilishwa katikati ya sherehe, rudieni.

Mwisho wa kazi toa picha kwa sRGB, mfumo wa rangi unaotumika kwenye simu na mtandaoni. Mfumo mwingine, Adobe RGB, kwenye simu na programu nyingi inatoka imefifia, na mteja atakayezifungua WhatsApp atadhani kamera yako ndiyo mbovu.