Nilihangaika na kamera, kumbe shida ilikuwa taa

Huu ni mwezi wa saba tangu nianze kutumia mfumo wa kamera kwenye laini ya juisi kiwandani kwetu, Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Kazi yake ni kusoma tarehe iliyochapwa kwa wino mweusi juu ya kifuniko chekundu. Isiposomeka, chupa inasukumwa nje.

Kamera haioni rangi, ina sensa (kipande kinachonasa mwanga) ya Sony IMX273 yenye pikseli, yaani nukta za picha, 1440 kwa 1080. Sensa nzima inapiga kwa mpigo mmoja, si mstari baada ya mstari, kwa hiyo herufi hazipindi chupa ikipita mbio. Umeme na picha vinapita kwenye waya uleule wa mtandao. Kwa kamera sina neno.

Taa ndiyo iliyonitesa. Tulianza na taa nyeupe ya mviringo, ya bei poa. Plastiki inang'aa, basi kila picha ikawa na pete nyeupe juu ya tarehe, 8 inasomeka 3. Tena mwanga wenyewe hafifu, ikabidi kila picha ichukue milisekunde 5. Mkanda wetu unakwenda nusu mita kwa sekunde. Piga hesabu: kifuniko kinasogea milimita 2.5 picha ikiwa bado inapigwa! Tarehe ilitoka kama imepakwa kwa kidole. Chupa nzima zikawa zinatupwa, na kina dada wa mwisho wa laini wanazirudisha moja moja kwa mkono, zamu nzima. Iliniuma sana.

Nikafunga taa ya kuba, nyekundu, inayomweka pamoja na kamera kwa mikrosekunde 100 tu, yaani sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Kuba linatawanya mwanga, pete ikapotea. Kifuniko sasa kinasogea milimita 0.05, haifiki pikseli mbili kwenye picha yetu ya upana wa milimita 40. Na chini ya mwanga mwekundu kifuniko chekundu kinaonekana cheupe kama karatasi, wino umekolea juu yake. Picha ya kwanza nilimwita fundi mwenzangu aje aione.

Kero yake ni kwamba kuba lazima likae karibu mno na kifuniko, hivyo kila tukibadilisha kimo cha chupa tunalipandisha au kulishusha upya. Mwezi ujao inaingia juisi ya embe yenye vifuniko vya bluu. Hivyo kwenye mwanga mwekundu vinageuka vyeusi na kumeza tarehe, kwa hiyo taa ya bluu nimeshaagiza.