Dumu la njano: uzoefu wangu wa kukodi gari la kulala hapa Dodoma

Nianze na dumu, maana mengine yote ningeweza kuyasamehe.

Ni dumu la njano la lita 20, yale ya mafuta ya kula, lebo imebanduliwa nusu. Mfuniko wake umechoka, haukazi. Kwa hiyo walifanya kile ambacho mama zetu hufanya wakisafirisha maziwa: walikata kipande cha mfuko wa rambo, wakakitandika mdomoni, wakasokota mfuniko juu yake. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, sijui wao waliificha wapi miaka yote hii. Kwa maziwa ya kutoka Mpwapwa hadi mjini, sawa. Kwa dizeli, juu ya keria, limelazwa ubavu na kufungwa kamba kwenye jua la Bahi? Na dumu hilo nililipia shilingi 80,000. Kwenye risiti limeandikwa "mafuta ya akiba lita 20".

Ilikuwa miezi michache iliyopita, kabla mvua hazijaanza. Mimi na mama watoto tulikodi hardtop ya dizeli yenye hema la kukunjua juu ya paa, jiko, friji ndogo na meza. Tulikuwa tunakwenda Mbeya kwa ndugu zake, lakini lami ya Iringa tumeichoka. Nikasema safari hii tupite Manyoni, Itigi, Rungwa, Makongolosi, tutokee Chunya. Wanaoijua njia hiyo wameshaanza kucheka. Ukiiacha Itigi unaingia vumbi na mchanga, pori la akiba la Rungwa liko mbele yako, na sheli unazisahau. Ndiyo maana pale ofisini swali langu la kwanza lilikuwa mafuta.

Kijana wa mapokezi hakuinua macho kwenye simu. "Tenki zote mbili zimejaa, mzee. Na dumu liko juu."

Nikamwomba twende sheli pamoja tuhakikishe, nitalipia kitakachopungua. Hapo ndipo aliponitazama. "Mzee, mshale si unauona?"

Kweli, mshale ulikuwa umelala mwisho kabisa upande wa kujaa. Kulikuwa na wateja wengine wawili nyuma yangu. Nikaona aibu, mtu mzima kubishana na mshale. Nikasaini.

Sasa nitende haki: usiku wa kwanza ulikuwa mtamu. Tulilala kwa rafiki yangu karibu na Kintinku, mashamba ya mpunga yako hapo chini, upepo unapita wavuni. Asubuhi wazee wawili wakapita na majembe, wakatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", mama watoto akawaitikia kutoka juu ya paa la gari kama malkia. Tukanywa chai tukiwa tumening'iniza miguu. Kulikuwa na harufu ya dizeli kidogo, nikadhani gari la dizeli ndivyo linavyonuka. Ningeandika maoni haya saa ile, ningewapa nyota zote na nyingine ningeazima.

Tukaupanda mlima wa Saranda kwa gia ndogo, gari limebeba hema na friji na maji lita 60. Tunafika Manyoni, mshale haujasogea hata unywele. Mama watoto akauliza, "Baba Neema, hili gari linakunywa hewa?" Badala ya kushtuka, mimi nikavimba kichwa. Nikampa mhadhara juu ya injini za Kijapani, wa kutoka Manyoni hadi Itigi. Pale Itigi tukapita sheli, nikapunguza mwendo, nikasoma bei kwenye kibao, nikasema hii tuwaachie wenye shida.

Baada ya Mitundu, kwenye mchanga, gari likakohoa mara mbili. Likakosa nguvu, likajivuta pembeni, likanyamaza. Nikabonyeza swichi ya tenki la pili. Nikapiga stata. Hakuna. Mshale? Bado umejaa! Nadhani hata leo umejaa.

Sikuogopa sana, tulikuwa na dumu. Nikapanda juu, nikafungua kamba, nikalishika kwa nguvu ya mtu anayenyanyua kilo 17, nikakaribia kuanguka kinyumenyume. Lilikuwa jepesi kama dumu la kuchezea watoto. Rambo ilikuwa imechanika katikati, pembe zake zimechomoza chini ya mfuniko, na dizeli yote ilikuwa imeshuka taratibu tangu jana, imepita chini ya turubai la hema, imeingia kwenye godoro. Unaweka kidole, kinazama, mafuta yanapanda. Lililobaki nililipima kwa chupa ya maji ya kunywa: lita moja na nusu, na povu.

Wakati huo ndorobo walikuwa wameshatupata. Asiyewajua, ni mbung'o hao, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu. Shati langu bluu. Ukifunga vioo, joto linakuua kwa sababu injini imezima. Ukifungua, wanakutoboa juu ya nguo. Mama watoto hakusema neno. Alijifunika khanga gubigubi, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko ndorobo wote.

Baada ya muda mrefu akaja kijana wa bodaboda. Akasimama, akazima, akacheka kwa adabu. "Wese limekata, mzee? Petroli ipo kijijini, ya chupa." Nikamwambia hili ni la dizeli. Akakuna kichwa. Ndipo nikajifunza jambo ambalo hakuna ofisi ya kukodisha itakayokwambia: vijijini petroli utaipata kwenye chupa kila kona kwa sababu ya bodaboda, ila dizeli haiuzwi barabarani. Dizeli inakaa kwa mwenye mashine ya kusaga. "Twende kwa mama wa mashine," akasema, "akikupenda atakupimia."

Alinipenda, au alinihurumia. Mama wa makamo, unga umemjaa kwenye nyusi, mashine inanguruma nyuma yake, akaizima ili anisikie. Pipa lake limebaki nusu na wateja wamepanga ndoo mlangoni, lakini akanipimia lita 15. Bei kikomo ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, ya mwezi ule alikuwa anaijua kwa kichwa. Hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na yeye anaisikiliza redioni. Akaniongezea juu yake nauli tu ya kuyafikisha pale. Na kabla sijaondoka akaniuliza, "Utayachuja na nini?" Nikamtazama tu. "Mafuta ya pipa, baba, chini yana takataka na maji. Usimimine yote. Yaache yatulie, uchuje kwa kitambaa, na ya chini kabisa unirudishie."

Kwa hiyo tukachuja dizeli kwa khanga ya mke wangu, ile ile aliyojifunika ndorobo. Nikakata kichwa cha chupa ya maji kuwa faneli ya kumiminia, kwa sababu gari lenye jiko, friji na vikombe vya chai sita halikuwa na faneli ya shilingi 1,000. Kwenye khanga ikabaki tope nyekundu na vitu kama pumba. Hivyo vingeingia kwenye injini.

Tukamimina. Nikapiga stata. Gari linazunguka, haliwaki. Tena. Tena. Taa zikaanza kufifia. Kijana wa bodaboda akaniambia nipande kichuguu kile pale, mtandao upo juu yake. Nikapiga namba ya dharura iliyo kwenye risiti, nimejiandaa kutukana, nimeshachagua na maneno.

Akapokea fundi wao. Sauti ya mtu mzima, taratibu. "Shikamoo mzee. Kwanza acha kupiga stata, utamaliza betri. Gari limevuta hewa." Akanieleza kwamba dizeli si kama petroli, ukishaliacha likauke hewa inaingia kwenye mabomba, hata umwage pipa zima haliwaki mpaka hewa itolewe. "Fungua boneti. Juu ya filta ya dizeli kuna kitufe kikubwa cha kubonyeza kwa kiganja. Unakiona?"

Sikuwa nakiona, nilikuwa juu ya kichuguu. Kwa hiyo ikawa hivi: fundi Dodoma ananiambia mimi, mimi nampigia kelele mama watoto kwenye boneti, yeye anabonyeza. "Ni laini!" Nikamwambia fundi ni laini. "Aendelee. Huyo kijana alegeze nati ya bomba linaloingia kwenye pampu, kidogo tu." Mafuta yakaanza kutoka na povu, yanakohoa. "Aendelee mpaka povu liishe." Mama watoto anahesabu kwa sauti, amefika 80 na kitu, nywele zimemwangukia usoni. Povu likaisha, yakatoka mafuta matupu. Nati ikakazwa. Akabonyeza tena, safari hii akatumia mikono miwili: "Kimekuwa kigumu!" Fundi akasema, "Sasa piga, mzee. Mara moja tu."

Likawaka. Niliteremka kichuguu kile kama mtoto. Nikamwambia fundi Mungu ambariki, nikamwambia nitaandika mahali kwamba kampuni yao ina mtu. Na naandika: kwa huyo fundi, nyota tano, na kama anafungua gereji yake aniambie mimi wa kwanza.

Nikadhani yameisha. Fundi akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Lakini mzee, lile gari mimi niliandika lisitoke. Mshale wake umekwama muda sasa. Na tenki la pili tulilikata bomba."

Aliandika. Ofisini walijua! Yule kijana aliyeniambia "mshale si unauona" alikuwa na karatasi ya fundi kwenye droo.

Rungwa hatukufika. Lita 15 tulizipigia hesabu: kwenye mchanga ule nikikisia kilomita sita kwa lita, zinatosha kurudi Itigi na kubakiza kidogo, hazitoshi kwenda mbele. Itigi tukalala gesti, kwa sababu godoro la gari halikulalika tena. Ndugu wa Mbeya walikuwa wameshachinja mbuzi.

Niliporudisha gari nilikuwa nimepoa. Nilitaka tu pole. Kijana yule yule, simu ile ile. Nikamweleza yote, mpaka kichuguu. Akasema, "Sasa mzee, ulitaka nikufuate nyuma na dumu?" Halafu akakata shilingi 120,000 kwenye amana yangu, "usafi wa godoro, harufu ya mafuta".

Mtu atauliza, na wewe je, hukuwa na kosa? Nilikuwa nalo. Kaunta ya kilomita ilikuwepo mbele yangu, ningeirudisha sifuri nilipotoka Dodoma nisingehitaji mshale wa mtu. Sasa hivi hata nikienda Kondoa tu nafanya hivyo: najaza mbele ya macho yangu, narudisha sifuri, na nikishatumia nusu ya kilomita ninazoamini tenki linabeba, sheli ya kwanza ninayoiona naingia, bei iwe yoyote. Nimenunua galoni la chuma lenye mpira kwenye mfuniko na mdomo wake wa kumiminia. Linasimama wima, halijazwi hadi shingoni kwa sababu mafuta hutanuka kwenye joto, na haliingii ndani tunapokaa. Juzi binti mmoja wa sheli pale Nkuhungu aligoma kulijaza likiwa bado kwenye keria, akasema lishushwe sakafuni, umeme tuli huo unaweza kuwasha moto. Zamani ningemwona ananichelewesha. Nilimshushia na soda nikamnunulia.

Je, ningekodi kwao tena? Hapana. Yaani, hema lile ni zuri, na asubuhi ya Kintinku mama watoto bado anaisimulia kwa wageni akiruka sehemu ya boneti. Kama wangempa fundi ufunguo wa ofisi na kumpeleka kijana kwenye mafunzo ya salamu, labda. Nilitaka kuwapa nyota mbili. Nikikumbuka ile 120,000 nawapa moja, na hiyo moja ni ya fundi.

Wiki iliyopita wamenitumia ujumbe. Hawakuulizia hali yetu, wanaulizia dumu. Wanasema sikulirudisha, litakatwa kwenye amana iliyobaki. Ninalo, liko chini ya ngazi. Waje walichukue. Rambo yao nimewatunzia humo humo chini ya mfuniko.