Nywele za shingo wameziweza, mkia wameuua: uzoefu wangu na saluni moja ya Ngamiani, Tanga

Wakati namkabidhi msusi mdoli wangu wa farasi ili amshonee nywele za shingo, nilisema jambo moja tu: usimloweke. Nikarudia. Nikamwonyesha kitundu cha mkia kwa ncha ya kalamu, nikamweleza kwamba mle ndani kuna washa, kipete cha chuma kilichoubana mkia, ikipata maji inaota kutu. Jibu lake: "Dada, nywele ni nywele." Siku chache baadaye nikakabidhiwa farasi aliyelala usiku kucha kwenye beseni la maji ya sabuni.

Aliyeharibiwa ni Minty, mmoja wa wale sita wa kwanza wa My Little Pony, farasi wa plastiki wa kuchezea ambao kampuni ya Hasbro ya Marekani iliwatoa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwili kijani hafifu, majani ya klova pajani, nywele nyeupe. Nyeupe! Angekuwa Blossom, mwenzake mwenye nywele za zambarau, doa lingejificha kidogo. Kwa Minty halina pa kujificha. Ukifunua mkia unaona michirizi ya rangi ya chai ya rangi inaanzia kwenye shina na kushuka kama vidole viwili, na kitundu chenyewe kimezungukwa na pete ya kahawia. Nywele unaweza kuzihangaikia kwa maji ya ndimu, ukazipaka, ukasuuza, ukarudia, na kutu ikapungua. Ile pete haitoki. Kutu ikishazama kwenye vinili, ile plastiki laini ya mwili, imezama.

Hawa farasi ni watupu ndani, na kichwa ni kipande cha peke yake kilichogandishwa shingoni kwa gundi. Ukimtosa kwenye maji, maji yanapita kwenye kitundu cha mkia na kwenye vitundu vya nywele, yanatulia tumboni, na kutoka hayataki. Kwa hewa ya Tanga, ambapo hata bawaba za mlango zinaliwa na chumvi ya bahari, maji yale yanakaa majuma. Washa inaoza kimya kimya huku ukungu mweusi ukijipaka ndani, na ukungu huo baadaye unaonekana kwa nje kama kivuli kwenye plastiki. Kumwosha vizuri si kazi kubwa: funga mkia kwa mfuko wa nailoni na mpira, mwinamishe kichwa chini, mwagia maji kidogo kidogo kutoka mgongoni kuelekea kwenye paji la uso, mwili ufute kwa kitambaa chenye sabuni ya kuoshea vyombo. Kisha mweke kwenye feni, si juani, maana jua linafifisha rangi, za waridi ndizo za kwanza kuondoka.

Sasa niseme ukweli, hata kama bado nina hasira. Nywele za shingo alizomshonea yule dada sijaona mfano wake. Vitundu vilivyokuwa vitupu amevijaza vyote, kishungi kimoja kimoja, chembamba kuliko kijiti cha kiberiti, kimekunjwa katikati na kuvutwa kutoka ndani ya shingo, fundo limebaki ndani. Hakuna kitundu kilichopasuka. Ametumia nailoni niliyompelekea, hakunibadilishia rasta, na hilo nalithamini sana: rasta ya kanekaloni ni laini ikiwa mpya, lakini haivumilii joto sana, wakati nailoni inavumilia maji ya moto na inashika mkunjo unaoupa. Urefu ni sawa kuanzia utosini hadi mabegani. Kwa kazi ya shingo peke yake ningempa alama zote na nauli juu.

Halafu nikamgeuza Minty miguu juu.

Chini ya kwato ameandika namba ya mteja kwa kalamu ya wino! Kwato ndiyo kitambulisho cha farasi. Hapo ndipo unasoma jina la kampuni na nchi alikotengenezwa, hapo ndipo unajua kama ni wa toleo la mwanzo mwenye nyayo bapa au wa baadaye mwenye nyayo zilizobonyea. (Na mnaopanga makabati kwa mwaka ulioandikwa kwatoni, acheni: huo ni mwaka wa haki miliki ya umbo, si mwaka aliotoka kiwandani.) Wino kwenye vinili hausimami pale ulipoandikwa, unasambaa kila mwezi. Nimeupaka dawa ya chunusi ya benzoili peroksaidi ya asilimia 10, nikafunika kwa nailoni, nikaacha kwato tu juani. Unafifia polepole, ila dawa hiyo inaweza kupausha na plastiki yenyewe, kwa hiyo usiithubutu ubavuni. Wala usiguse picha za pajani kwa asetoni, zitafutika zote.

Nilipomuuliza, aliniambia mbele ya wateja: "Kwani maji yameua mdoli? Mbona watoto wanaoga nayo?" Sikudai hela. Nilidai aseme samahani, hakusema.

Nilikusudia kuandika msiende. Lakini mshonaji mwingine wa vishungi vile mjini hapa simjui, na farasi mwenye shingo kipara anahitaji mkono kama ule. Basi mkienda, mpelekeeni kazi isiyo na mkia. Ili kuutoa mkia kwanza, pasha shingo kwa draya ya mkono mpaka plastiki ilegee, pitisha kisu butu kwenye ufa wa gundi, zungusha taratibu, usivute. Vinili baridi inachanika. Kichwa kikitoka, ingiza plaizi ya mdomo mwembamba, toa mkia pamoja na washa yake. Washa tupa. Wakati wa kurudisha, bana shina la mkia kwa kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, kata ncha yake. Mkia baki nao nyumbani kwenye bahasha ya karatasi, na shingo uifunge kibandiko cha uzi chenye jina lako, ili asipate sababu ya kushika kalamu.

Jumatatu nampelekea wawili wengine. Mikia yao iko kabatini kwangu.