Mkopo wa nyumba wa ofseti nchini Uingereza: tathmini kwa familia yenye watoto

Wauzaji wa mkopo wa ofseti wana ahadi moja: pesa zako zinapunguza riba ya deni, na bado ukizihitaji unazichukua. Kwa familia yenye watoto ahadi hiyo inagusa penyewe. Ndani ya nyumba nyingi mmoja anataka kila pauni iliyobaki iende kwenye deni, mwenzake anaona watoto wanakua na hawajawahi kumwona bibi yao Tanga. Tumeipima bidhaa hii kwa hesabu, tukailinganisha na mkopo wa kawaida wa riba isiyobadilika ambao unaulipia zaidi kidogo kila mwezi. Ofseti inafanya inachosema. Tatizo lake ni bei.

Utaratibu wake ni huu. Unafungua akaunti ya akiba kwa mkopeshaji yule yule na inaunganishwa na mkopo wako. Akiba hailipwi riba yoyote. Badala yake, kila siku mkopeshaji anatoa kiasi cha akiba kwenye deni, kisha anakutoza riba ya kile kilichobaki tu. Barclays, Yorkshire Building Society na Coventry Building Society ni miongoni mwa walioziuza bidhaa za namna hii, ila riba na masharti hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo takwimu zilizo hapa chini ni mfano wa kukokotolea. Weka zako mahali pake.

Chukua mkopo wa pauni 200,000 kwa miaka 25, ofseti ya riba ya asilimia 4.9. Rejesho la kila mwezi ni pauni 1,157.56. Bila akiba, mwezi wa kwanza pauni 816.67 za hizo zinakwenda kwenye riba na 340.89 zinapunguza deni lenyewe. Weka akiba ya pauni 20,000 na riba ya mwezi huo inashuka hadi pauni 735. Kwa kuwa wakopeshaji wengi wanaacha rejesho palepale, pauni 422.56 ndizo zinazopunguza deni. Hujalipa hata senti zaidi, na mkopo unafupika. Baadhi yao hukuruhusu kuchagua rejesho lipungue badala ya muda. Kwa familia iliyobanwa na ada za kituo cha kulelea watoto hilo lina maana kubwa, lakini lazima ulichague kwa maandishi. Usipochagua, utawekewa chaguo la kawaida la mkopeshaji.

Sasa njoo Julai. Familia inahitaji pauni 6,000 za tiketi na matumizi ya kwenda Dar es Salaam kwenye likizo ndefu ya shule. Kwenye ofseti unazitoa, akiba inabaki 14,000, na riba ya mkopo inapanda kwa pauni 24.50 kwa mwezi hadi utakapozirudisha. Hiyo ndiyo gharama nzima ya kuziazima pesa zako. Aliyezitia pauni 6,000 hizo kwenye deni la mkopo wa kawaida hawezi kuzirudisha kirahisi: ataomba nyongeza ya mkopo, apimwe upya kipato na matumizi, asubiri, na huenda akakataliwa kama mmoja wao yuko kwenye likizo ya uzazi. Akiamua kutumia kadi ya mkopo ya riba ya asilimia 24 kwa mwaka, mwezi wa kwanza tu inakula karibu pauni 120. Kwa kipimo hiki ofseti inashinda waziwazi. (Ukitaka kukwepa bei za Agosti kwa kuwatoa watoto shule mapema, kumbuka kwamba tangu Agosti 2024 faini huko England ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na 160 usipolipa ndani ya siku 21.)

Kinachoigharimu familia ni tofauti ya riba. Ofseti mara nyingi huwa na riba ya juu kuliko mkopo wa kawaida, na riba hiyo ya juu inakaa juu ya deni zima, wakati faida inatokana na akiba peke yake. Watu hulisahau hili. Tuseme mkopo wa kawaida ni asilimia 4.5. Tofauti ya asilimia 0.4 juu ya pauni 200,000 ni pauni 800 kwa mwaka, na akiba yako lazima ifanye kazi ya kuzirudisha kwanza kabla hujaanza kupata faida.

Je, inahitajika akiba kiasi gani? Chukua gharama hiyo ya 800, igawanye kwa tofauti kati ya riba ya ofseti na riba ambayo akiba yako ingepata kwingine baada ya kodi. Ikiwa akiba ingekaa kwenye ISA, yaani akaunti ya akiba isiyokatwa kodi, ya asilimia 4, tofauti ni 0.9, na unahitaji karibu pauni 89,000 ili usipate hasara. Ikiwa unakatwa kodi ya asilimia 40 kwenye riba yote ya akiba, ile 4 inabaki 2.4, na kiwango kinashuka hadi pauni 32,000. Ikiwa pesa zingelala tu kwenye akaunti ya kila siku isiyolipa kitu, pauni 16,300 zinatosha.

Kwa hiyo familia yetu ya mfano yenye akiba ya 20,000 inapata hasara. Kwenye ofseti inalipa takriban pauni 8,820 za riba kwa mwaka. Kwenye mkopo wa kawaida inalipa 9,000, inapokea 800 kutoka ISA, na inabaki na mzigo wa 8,200. Pauni 620 kwa mwaka ndiyo bei ya kuunganisha akaunti mbili ambazo zingeweza kukaa mbalimbali, na ISA ya kutoa pesa wakati wowote ingewapa uhuru ule ule wa Julai. Kila mtu mzima anaruhusiwa kuweka ISA hadi pauni 20,000 kwa mwaka wa kodi. Hata nje ya ISA, mlipaji wa kodi ya asilimia 20 ana msamaha wake: riba ya pauni 1,000 kwa mwaka haikatwi kodi, na mlipaji wa asilimia 40 anasamehewa 500. Familia nyingi za wauguzi, madereva na walimu hazijawahi kufika hapo.

Ofseti inamfaa nani basi? Aliyejiajiri, ambaye mwaka mzima anashikilia pesa za kodi zinazosubiri tarehe 31 Januari na 31 Julai. Pesa hizo zingelala bure, na hapa zinafanya kazi hadi siku ya kulipa. Mlipaji wa kodi ya juu ambaye ISA yake imejaa. Familia inayokusanya pesa nyingi za kujenga nyumbani, inayotuma kwa mafungu kila ujenzi unapopanda hatua. Na yeyote anayepewa tofauti ndogo ya riba: ikiwa ofseti ni 4.6 dhidi ya 4.5, gharama ni pauni 200 tu na hata mwenye ISA ya asilimia 4 anafika sawa akiwa na pauni 33,300. Mwambie dalali wa mikopo akupe riba zote mbili kwa siku hiyo hiyo, kwa kiwango kile kile cha deni dhidi ya thamani ya nyumba, pamoja na ada za kufungua mkopo. Kulinganisha ofseti ya leo na mkopo wa kawaida uliouona mwezi uliopita hakukupi jibu.

Yako makosa ambayo yanajirudia kwa wenye ofseti. La kwanza, akaunti inafunguliwa lakini haiunganishwi na mkopo, na pesa zinakaa miezi bila riba na bila kupunguza kitu. Taarifa ya mwezi wa kwanza lazima ionyeshe riba iliyopungua. Isipoonyesha, piga simu siku hiyo hiyo. La pili linawaumiza wanaopokea Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo: akiba ya ofseti inahesabiwa kama mali yako ya pesa taslimu. Ikizidi 6,000 malipo yanaanza kupunguzwa, ikizidi 16,000 yanakatika, wakati pesa zilizokwisha kulipwa kwenye deni la nyumba mnayoishi hazihesabiwi hivyo. La tatu, muda wa riba unapokwisha na mkopo kuhamia kwa mkopeshaji asiye na ofseti, akiba inaachwa kwenye akaunti ile ile ya asilimia sifuri kwa mazoea. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda miezi sita kabla.

Kwa ambaye ofseti haimfai, tuangalie njia ya kuongeza malipo mwenyewe kila mwezi kwenye mkopo wa kawaida, na hapa ndipo tungependa wazazi wakae na kalamu. Mkopo ule ule wa 200,000 kwa asilimia 4.5, miaka 25, rejesho ni pauni 1,111.66. Ongeza pauni 100 kila mwezi tangu mwanzo, na riba ikibaki hivyo, mkopo unakwisha miaka mitatu na nusu mapema na unaokoa riba ya kama pauni 21,000. Ongeza 200 na unaokoa kama 36,000, miaka sita kabla. Ongeza 300, kama 47,700. Angalia mapengo: mia ya kwanza inaokoa 21,000, ya pili 15,000, ya tatu haifiki 12,000. Mia ya tatu ndiyo mara nyingi inayochukuliwa kwenye masomo ya kuogelea, Jumamosi za ufukweni na tiketi za kwenda kwa bibi, nayo ndiyo yenye mavuno madogo kuliko zote. Mzazi anayelipa mia moja bila kukosa kwa miaka yote amefanya kazi kubwa zaidi kuliko anayelipa mia tatu kwa mwaka mmoja kisha akaacha kwa sababu nyumba nzima imechoka kubanwa.

Kabla ya hiyo mia moja, yapo mambo yanayolipa zaidi ya asilimia 4.5. Deni la kadi. Mchango wa pensheni ambao mwajiri anauongezea wa kwake. Akaunti ya Tax-Free Childcare ya kulipia malezi ya watoto, ambamo serikali inaongeza pauni 2 kwa kila 8 unazoweka, hadi 2,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Hakuna malipo ya ziada ya mkopo yanayofikia hapo. Na akiba ya dharura ya miezi mitatu hadi sita. Miaka ya ada za kulea watoto ni miaka ya kulipa ziada kidogo au kutolipa kabisa. Mtoto akianza shule, elekeza kwenye deni nusu ya ada uliyokuwa ukilipa, mwezi ule ule, kabla haijapata matumizi mengine, na nusu iachie familia.

Jinsi ya kulipa: tengeneza agizo la kudumu la benki, tofauti na lile rejesho la kawaida, likiwa na namba ya mkopo, litoke siku moja baada ya mshahara. Kisha mwandikie mkopeshaji kwamba ni malipo ya ziada na unataka muda upungue. Wengine, usipowaeleza, hulihesabu kama rejesho la mwezi ujao lililowahi, na wengine hushusha rejesho lako, ukadhani unaharakisha deni kumbe linakwenda mwendo ule ule wa zamani. Baada ya miezi mitatu omba taarifa na uone deni la msingi limeshuka kwa kiasi kilicho sawa.

Faini ya kulipa mapema huwatisha watu bila sababu kwa malipo madogo. Wakopeshaji wengi huruhusu asilimia 10 kwa mwaka ndani ya muda wa riba isiyobadilika. Kwenye 200,000 hiyo ni 20,000, na mia mbili kwa mwezi ni 2,400 tu. Hatari iko kwa anayeuza kiwanja nyumbani au kupata mirathi. Akitia 35,000 kwa mpigo, zile 15,000 za juu zikitozwa asilimia 3, zinamgharimu 450. Uliza kama mwaka wao unahesabiwa kuanzia Januari au kuanzia tarehe ya mkataba, na kama asilimia 10 ni ya deni la awali au la sasa. Ukijua hilo unaweza kugawa fungu pande mbili za mwaka na usilipe faini yoyote. Kwenye ofseti kikwazo hiki hakipo, kwani kuweka akiba si kulipa deni, na hapo inastahili sifa yake yote.

Waislamu wanaoepuka riba wajue kwamba ofseti haiwaondolei shida: kukataa riba ya akiba hakufuti riba ya mkopo. Mipango ya ununuzi kwa ushirika, ambapo benki inamiliki sehemu ya nyumba na wewe unailipa kodi ya pango huku ukinunua sehemu hiyo polepole, inapatikana Uingereza, Gatehouse Bank ikiwa mmojawapo wa watoaji. Ukitaka kulipa zaidi huko, uliza mambo mawili kabla ya kusaini: kiwango cha chini cha kila ununuzi wa ziada, na kama kodi ya pango inashushwa mara moja baada yake au hadi siku ya mapitio.