Minyaa na jamaa zake: tathmini ya kitalu kimoja cha Nzuguni, Dodoma

Kwa yeyote anayejenga Dodoma na anayetafuta mimea itakayohimili kiangazi chetu kirefu, kitalu cha miche na maua kilichopo upande wa Nzuguni, kando ya barabara iendayo Morogoro, kinastahili kutembelewa, hasa kwa ajili ya mimea yake ya jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu, iitwayo Euphorbia. Hiyo ndiyo jenasi ya minyaa tunayoizungushia nyumba na mazizi kuanzia hapa hadi Singida, lakini ina jamaa wengi ambao wanunuzi hawajui kuwa ni wa ukoo mmoja na mnyaa. Kitalu hiki kimewakusanya jamaa hao kuliko kitalu kingine chochote nilichokiona mjini, miche yake ina afya, na bei zake haziumizi. Upungufu wake mkubwa ni kwamba hakimwelezi mnunuzi mambo mawili anayoyahitaji kuliko yote: mmea umetoka sehemu gani ya dunia, na unaishi namna gani msimu wa shida unapofika. Tathmini hii itajikita katika upungufu huo, kwa sababu ndio unaofanya fedha za watu wengi zikauke pamoja na miche waliyoinunua.

Jenasi ya Euphorbia iliingizwa katika utaratibu wa kisayansi na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1753, na leo inahesabiwa kuwa na spishi zipatazo 2,000, idadi inayoiweka miongoni mwa jenasi kubwa kabisa za mimea itoayo maua. Kwa umbo la nje spishi hizo hazielekei kuwa ndugu. Kinachozifunga pamoja ni ua. Mtu akifika kitaluni na aiendee meza yenye mmea unaofahamika kama taji la miiba, yaani Euphorbia milii, kisha auinamie kwa karibu. Vile vipande viwili vyekundu vinavyodhaniwa kuwa petali ni majani yaliyogeuka rangi, na katikati yake kimekaa kikombe kidogo sana chenye tezi ukingoni. Ndani ya kikombe hicho mna ua moja tu la kike, lenye ovari (kifuko cha mbegu) na si zaidi, likizungukwa na maua ya kiume ambayo kila moja ni stameni (kijiti cha chavua) moja peke yake. Kile tunachokiita ua ni kundi zima la maua lililojifunga pamoja. Mpangilio huohuo unapatikana katika mnyaa wa zizini, katika ua la Krismasi, na hata katika magugu yanayotambaa njiani tunayoyakanyaga kila siku bila kuyatazama.

Jenasi hii imesambaa katika mabara yote isipokuwa Antaktika, na wataalamu wa vinasaba wameigawa katika matawi manne ambayo kila moja lina makao yake. Tawi la Esula lina nguvu zaidi Ulaya na katika sehemu za Asia zenye majira ya baridi, na sehemu kubwa ya spishi zake ni mimea laini isiyo na shina gumu. Tawi la Athymalus ni la Afrika, Arabia, Madagaska na visiwa vya Atlantiki kama vile Canary. Tawi la Chamaesyce lina wingi wake Amerika, ingawa magugu yake yamefika karibu kila kona ya dunia. Tawi la nne, lililobeba jina la jenasi yenyewe, limeenea katika nchi za joto za pande zote, na ndilo lenye mnyaa, taji la miiba na ile miti mikubwa ya Euphorbia candelabrum yenye matawi yaliyosimama wima kama kinara cha mishumaa. Mimea yenye mashina manono yanayohifadhi maji imekithiri Afrika na Madagaska kuliko kwingine kokote, na kwa sababu hiyo mnunuzi wa Dodoma ana bahati ambayo mnunuzi wa Ulaya hana: sehemu nzuri ya ukoo huu ina asili katika mazingira yanayokaribiana na yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa mimea wa Denmark, Christen Raunkiær, alipendekeza kwamba mimea ipangwe kwa kutazama mahali inapoyaficha machipukizi yake wakati wa msimu mbaya: juu matawini, karibu na ardhi, usawa wa udongo, chini ya udongo, au ndani ya mbegu tu baada ya mmea mzima kufa. Yeye alikuwa akiifikiria zaidi baridi ya kwao, lakini kipimo chake kinafaa vizuri kwa kiangazi cha Dodoma, ambako mvua ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ndani ya Euphorbia aina zote hizo za maisha zipo. Euphorbia ampliphylla ya misitu ya milimani Afrika Mashariki hufikia urefu wa mita 30. Euphorbia tuberosa ya upande wa Cape, Afrika Kusini, hujificha ndani ya kiazi chini ya udongo. Euphorbia obesa, ya nyanda kavu za Karoo, ni bonge la kijani lisilo na tawi, na wakusanyaji waliichuma porini kwa wingi hadi ikakaribia kwisha. Kama kitalu kingeipanga miche yake kwa utaratibu wa Raunkiær badala ya kuipanga kwa rangi ya maua, mteja angejua papo hapo kipi cha kupanda uwanjani na kipi cha kubaki barazani.

Kwa upande wa minyaa, yaani Euphorbia tirucalli, sina la kulalamikia. Miche yake imepandwa katika viriba vyenye mchanga mwingi na samadi kidogo, nayo haimwagiliwi hovyo, jambo linaloonyesha kwamba wenye kitalu wanaufahamu mmea wanaouuza. Majani ya mnyaa ni madogo mno na hudondoka mapema, hivyo kazi ya kujitengenezea chakula hubaki kwa vile vijiti vya kijani. Vijiti hivyo hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, hali ya hewa inapopoa, na kuvifunga mchana jua linapochoma, ili maji yasipotee. Hiyo ndiyo sababu uzio wa minyaa hubaki kijani mwezi Oktoba wakati majani ya kila kitu kingine yamekauka. Mifugo haiutafuni kwa sababu ya utomvu wake. Utomvu huohuo ulimvutia Melvin Calvin, mkemia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1961, ambaye katika miaka ya 1970 alipendekeza mnyaa na jamaa yake mwingine zilimwe ili kupata mafuta ya nishati. Mpango huo haukushika, lakini ninaufurahia kwa sababu unaonyesha heshima ambayo mmea huu, unaodharauliwa na wengi kuwa ni wa kijijini, umewahi kupewa mbali na kwetu.

Ua la Krismasi, Euphorbia pulcherrima, ndilo linalonipa mashaka. Kitalu hulipanga mbele kabisa langoni na kulisifia kuwa ni la Desemba, kana kwamba litakuwa jekundu kila Desemba likishapandwa nyumbani. Mmea huu ni kichaka cha Meksiko, ambacho kwao hufikia mita 3 na zaidi; uliingizwa Marekani katika miaka ya 1820 na balozi Joel Poinsett, na huko ndiko ulikogeuzwa kuwa biashara ya sikukuu. Majani yake ya juu huwa mekundu usiku unapokuwa mrefu, na Meksiko, iliyo kaskazini ya Ikweta, ina usiku mrefu mwezi Desemba. Dodoma iko kusini ya Ikweta, na usiku wetu mrefu zaidi ni wa Juni. Mteja anayeupanda uani atauona ukiiva rangi katikati ya mwaka, tena kama haukuwekwa chini ya taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha, kwa maana mwanga huo huvuruga hesabu yake. Zaidi ya hapo, majani yake ni mapana na laini, mashina hayana akiba ya maji ya kutosha, na bila kumwagiliwa mara kwa mara hauwezi kuvuka Septemba ya huku. Kuuza mmea wa namna hiyo si kosa. Kuuuza bila kumweleza mnunuzi kwamba unadai maji ya kila wiki katika mji ambao bado una mitaa ya mgawo wa maji, hilo haliko sawa.

Fedha iliyokusudiwa kwa ua la Krismasi ni afadhali inunue taji la miiba. Asili yake ni Madagaska, kisiwa chenye spishi za Euphorbia zaidi ya 150, nyingi kati ya hizo zikiwa hazipatikani penginepo. Ni kichaka kifupi chenye shina nene na miiba mikali, hupoteza majani ukame ukizidi kisha huchipua tena, na hutoa maua karibu mwaka mzima endapo kitapata jua la kutosha. Hapa kitaluni zipo rangi nyekundu, ya waridi, nyeupe na manjano, na mche mdogo nilipewa kwa shilingi 3,000. Udongo wa chungu ulikuwa na kokoto za kutosha, mizizi haikuwa imeoza, na hapakuwa na wadudu weupe kwenye maungio ya matawi, mahali ambapo huwa wanajificha. Katika meza hiyo kazi ya mtunza miche inaonekana wazi na inastahili sifa.

Ndani ya viriba vya miembe na mikorosho nilikuta mmea mwingine wa jenasi hii ambao haukuwekwa hapo na mtu. Ni mziwaziwa, Euphorbia hirta, gugu lenye manyoya, majani ya jozi na vishada vidogo vya maua, lililotoka Amerika na sasa limezagaa katika nchi zote za joto. Hukamilisha maisha yake ndani ya majuma machache, humwaga mbegu, hufa, na mbegu hungoja mvua nyingine. Ukilikata gugu hili leo bila kulizuia lisizae, kesho viriba vyote vimejaa. Kitalu kingefanya vyema kupalilia mapema zaidi. Hata hivyo ukoo wake unavutia, kwa kuwa mziwaziwa ni wa kundi linalotengeneza chakula kwa njia ileile ya mahindi na mtama, na katika visiwa vya Hawaii jamaa za gugu hili wamekua na kuwa miti kamili.

Rafu iliyoandikwa kaktasi inahitaji kupangwa upya. Imechanganya mpungate na kaktasi nyingine, ambazo asili yake ni Amerika, na Euphorbia trigona ya Afrika pamoja na Euphorbia lactea ya Asia ya Kusini, ile yenye kichwa kilichojikunja kwa rangi kilichopachikwa juu ya shina la Euphorbia neriifolia. Mimea hiyo inafanana kwa sababu ilikabiliwa na ukame uleule katika mabara tofauti, wala haina undugu wa karibu. Kuitofautisha ni rahisi: miiba ya kaktasi huota kutoka katika vifundo vyenye manyoya mafupi, na kaktasi ikichanjwa kwa kawaida haitoi utomvu wa maziwa kama Euphorbia. Tofauti hiyo ina uzito katika biashara pia, kwani Euphorbia zenye mashina manono, ukiondoa chache zinazozalishwa vitaluni, zimo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini, na haziwezi kuvuka mipaka bila kibali. Mteja anayetaka kumpelekea ndugu yake aliye ng'ambo zawadi ya mche anapaswa kulijua hilo kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Jambo ambalo sikubali kulipita ni usalama. Kijana aliyenikatia pingili za minyaa alifanya hivyo mikono mitupu, na karibu na meza kulikuwa na watoto wa mteja mwingine wakichezea matawi. Utomvu wa Euphorbia huunguza ngozi, na ukiingia machoni husababisha maumivu makali na hata upofu wa muda. Anayepatwa na hilo anapaswa kuosha jicho kwa maji mengi papo hapo na kwenda hospitali. Jozi chache za glavu, ndoo ya maji safi na kibao kimoja cha onyo havigharimu kiasi cha kumshinda mwenye kitalu mwenye wateja wengi namna hii. Nilimweleza, akanisikiliza kwa heshima, na akasema atalishughulikia.

Huduma kwa jumla ni nzuri. Wahudumu hawamharakishi mtu, wanajibu kwa upole hata maswali wasiyo na majibu yake, na mama anayepokea fedha hupunguza bei kwa anayechukua miche mingi ya uzio. Anayetaka uzio wa minyaa na aende mwishoni mwa Novemba, achague pingili zilizokatwa siku kadhaa nyuma na ambazo kidonda chake kimekauka, kisha azipande mvua za kwanza zinapoanza. Anayetaka mapambo na achukue taji la miiba na trigona, aliache ua la Krismasi kwa wenye kisima. Dereva wa bajaji anayewabebea wateja anajua kuipanga miche ya miiba bila kuivunja, na nauli ya kufika Ilazo au Kisasa hupatanwa palepale pamoja na bei ya miche.