Kozi za kutaipu mtandaoni: ipi uanze nayo, ipi ulipie na ipi uachane nayo

Nina kisteshenari changu Mbeya, upande wa Mwanjelwa, kazi kubwa ni kuchapa ripoti za fildi za wanachuo, barua za kuomba kazi, katiba za vikundi, mihtasari ya vikoba, yaani chochote kilichoandikwa kwa mkono kikaletwa kikiwa kimekunjwa mara nne. Na kila mwaka wanachuo wakikaribia kumaliza napata swali lile lile: "Kaka, nilipie kozi gani ya mtandaoni nipate spidi ya kutaipu?" Nimezipitia nyingi kwa vidole vyangu mwenyewe, nimewakalisha pia vijana wangu wawili wa dukani, kwa hiyo hapa naongea kama mtu anayekula kwa kibodi.

Jibu fupi ni kwamba usilipe kwanza. Jibu refu ndo hili.

Tuanze na hesabu maana bila hesabu utauziwa mbuzi kwenye gunia. Hawa wa kozi wakisema "maneno 40 kwa dakika" hawamaanishi maneno kama ya kwenye kamusi, wanahesabu kila mibonyezo mitano kuwa neno moja, nafasi nayo imo. Sasa chukua "tunawasubiria", herufi 13 na nafasi yake 14, hapo tayari umepiga karibu maneno matatu, kwa hiyo msikate tamaa mkiona Kiswahili kinaenda polepole, maneno yetu ni marefu tu. Ukurasa wa mibonyezo kama 2000, mtu wa maneno 20 kwa dakika anautoa kwa dakika 20, mtu wa 40 dakika 10. Ripoti ya kurasa 60 ni masaa 20 dhidi ya masaa 10, tena hapo hujapumzika, mteja hajapiga simu na umeme haujakatika.

Ila hiyo hesabu inadanganya kama unakosea. Mwenye usahihi wa asilimia 92 anaonekana yuko vizuri, lakini kwenye mibonyezo 2000 ana makosa 160. Wa asilimia 98 ana 40. Na kila kosa lazima ulione, ulifute, ulipige upya, macho yatoke kwenye karatasi yaende kwenye skrini yarudi tena kutafuta mstari uliokuwepo, na kama karatasi yenyewe ni mwandiko wa daktari ndo basi. Kwa hiyo mimi kozi naipima kwanza kama inakulazimisha kuwa sahihi, spidi baadaye. Halafu naangalia inakula bando kiasi gani, halafu kama inakubali niiwekee maandishi ya Kiswahili.

Hilo la Kiswahili watu wanalipuuza na mimi ndo naliona kubwa kuliko yote. Kozi karibu zote zimetengenezwa kwa Kiingereza, na Kiingereza herufi yake kuu ni E ambayo inapigwa na kidole cha kati. Sisi mfalme wetu ni A, na A iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote! Q na X hatuna kabisa kwenye maneno yetu lakini kozi itakutesa nazo wiki nzima. Halafu tuna mw, ny, kw, ngw, na ng' ya ng'ombe inayotaka kidole kidogo cha kulia kikimbilie kile kialama cha juu, hakuna kozi ya Kiingereza inayokuzoesha hiyo. Jaribu sasa hivi kupiga "barabara" kwa vidole sahihi, yaani kila herufi na kidole chake, neno zima ni mkono wa kushoto. Piga "pilipili", zima ni la kulia. Piga "Tukuyu", ukishatoa T iliyobaki yote ni kulia. Mtu anamaliza kozi ana maneno 45 ya Kiingereza, nikimpa muhtasari wa kikao cha Kiswahili anashuka mpaka 25, anadhani kompyuta yangu mbovu.

Haya, mpangilio wangu sasa.

Namba moja naiweka TypingClub. Ni bure, inafunguka kwenye brauza, ina mamia ya masomo mafupi mafupi yanayoanzia kwenye F na J, pale vidole vya shahada vinapokaa, inakuonyesha mikono kwenye skrini kidole gani kiende wapi, na kila somo unapata nyota mpaka tano. Hizo nyota ndo dawa. Nilimwambia binti wa dukani kwangu asisogee somo linalofuata mpaka apate angalau nyota nne, alinuna wiki ya kwanza maana alikuwa akitaipu kwa vidole viwili haraka tu na sasa ameshuka kama mtoto wa chekechea. Hiyo hali itakupata na wewe, spidi inashuka kwanza, wiki mbili tatu unajiona mjinga, na hapo ndo wengi wanakimbilia kununua kozi nyingine wakidhani hii haifai. Vumilia. Dakika 20 kila siku, sio masaa matatu Jumamosi. Kasoro yake ni matangazo, na kuna toleo la kulipia ila hilo limewalenga zaidi wenye mashule, mtu binafsi hulihitaji.

Namba mbili ni keybr, hii kwa mtu ambaye tayari anajua vidole vinakaa wapi ila ana herufi zinazomsumbua. Inaanza na herufi chache inakutungia maneno ya ajabu ajabu yasiyo na maana, ukizizoea inakuongezea moja, na ukikosea haisogei mpaka ubonyeze herufi sahihi. Inakasirisha kinoma. Ndo maana inafaa. Mimi ilinigundua kwamba P naipiga kwa kidole cha pete miaka yote hiyo. Ila anayeanza kabisa asiende huko, haikushiki mkono kama TypingClub.

Namba tatu ni programu mbili za kushusha mara moja na kutumia bila intaneti, Klavaro na TIPP10, zote bure na za chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kwa mtu wa Makete ndani, Ludewa au kule Kilolo ambako mtandao unakuja ukiamua, hii kwake ndo namba moja wala asihangaike na zile za juu. Anakuja mjini na fleshi, anashushiwa, anarudi nayo. TIPP10 ina akili, herufi unayoikosea sana inakurudishia mara nyingi zaidi. Na kitu kinachonifanya nizipende ni kwamba unaziwekea maandishi yako mwenyewe. Mimi nilichukua barua za ofisi nilizowahi kuchapa, nikafuta majina ya watu, nikazifanya mazoezi, "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu", "Ninayo heshima kuwasilisha kwako", yale yale yanayokuja dukani kila siku. Ndani ya mwezi vijana wangu walikuwa wanayapiga bila kufikiri. Sura za hizo programu ni za kizamani, usitegemee urembo.

Hapa nitoke nje kidogo maana nimeona watu wanalaumu kozi kumbe tatizo ni laptopu. Hizi laptopu za mtumba tunazonunua mjini nyingine zimetoka Ujerumani, kibodi zao Y na Z zimebadilishana nafasi. Kwa Mwingereza Z hutokea mara chache, ila kwa Mswahili ni balaa, "kazi ya" inakuwa "kayi za"! Za Ufaransa ndo mbaya zaidi, pale tunapotegemea A wao wameweka Q. Kabla hujalipa hela ya laptopu fungua ukurasa mtupu, piga "kazi ya zamani", soma kilichotoka. Kama tayari umenunua badilisha mpangilio wa kibodi uwe wa Marekani kwenye setingi, halafu usiangalie chini, au nunua stika za herufi, au chomeka kibodi ya pembeni ya USB, ambayo mimi naipendelea hata kwa laptopu isiyo na shida hiyo kwa sababu duka zima tunaitumia hiyo. Na hakikisha F na J bado zina vile vinundu vya kupapasa, vikilika dondoshea tone la rangi ya kucha likauke. Huna kompyuta? Simu ya Android na waya wa OTG, ule wa kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu, na kibodi ya USB inatosha kuanzia, nimeshaona kijana wa Iyunga akifanya hivyo na akatoboa.

Na jamani, baridi. Mwezi wa sita na wa saba hapa Mbeya, ukienda Uyole ndo usiseme, Mafinga na Njombe hivyo hivyo, asubuhi vidole vimekuwa vijiti. Usijipime spidi saa moja asubuhi ukalia. Shika kikombe cha chai dakika tano kwanza.

Turudi. Namba nne nawaweka pamoja Typing.com na Ratatype, zote zinafundisha vizuri tu, zote zina sehemu ya bure, na zote unaweza kupata cheti cha jaribio. Ratatype cheti chake kina madaraja na hawatoi kwa spidi tupu, usahihi nao unapimwa, hilo nalipenda. Kama TypingClub imekuchosha macho hamia huku, hutapoteza kitu.

Monkeytype siiwekei namba kwa sababu sio kozi, ni mzani. Haikufundishi kidole kiende wapi, inakupima tu. Ila ina orodha ya maneno ya Kiswahili, na inakubali pia ubandike maandishi yako, kwa hiyo nawaambia vijana wajipime humo mara moja kwa wiki, Ijumaa jioni, waandike kwenye daftari. TypeRacer nayo ni mashindano ya kukimbizana na watu wengine, tamu sana, na ndo hatari yake, utakaa usiku mzima unakimbiza spidi na usahihi unaoza.

Namba tano, programu ya Mavis Beacon. Najua mtaniuliza maana hii ndo wengi wetu tulifundishiwa kwenye vituo vya kompyuta, kuna fundi atakuwekea kwenye fleshi kwa hela ya soda. Ilitoka mara ya kwanza 1987, na yule mama wa kwenye kava ambaye tuliamini ndo mwalimu mwenyewe, hakuna mwalimu wa jina hilo, ni jina la kutunga, picha ya mwanzo ilikuwa ya mwanamke wa Haiti anaitwa Renée L'Espérance. Masomo yake bado yanafundisha, vidole havijabadilika tangu 1987. Tatizo ni nakala za mtaani, zimepita kwenye mashine mia na virusi vyake, juzi juzi nimesafisha kompyuta ya mteja ambayo ilianza kuumwa baada ya kuwekewa hiyo. Kwa nini uhangaike wakati za bure halali zipo?

Namba sita ndo za kulipia, Typesy na wenzake, na kozi za video za kwenye Udemy. Sio mbaya. Video inakusaidia kuona mtu anavyokaa, viganja visilale mezani, mgongo wima, lakini kutaipu hakuingii kwa kuangalia, ni sawa na kujifunza baiskeli kwa kutazama wenzako wakipita barabarani. Ukiamua kulipa, tumia ile kadi ya Visa au Mastercard inayotengenezwa kwenye akaunti yako ya pesa za simu, iwekee hela ya malipo hayo tu. Kuna moja nililipia, jina naliacha, nikidhani nimelipa mara moja kumbe ni kila mwezi, nilikuja kushtukia mwezi wa tatu salio limekombwa. Wa kulipia ni mtu mmoja tu, yule aliyemaliza TypingClub yote, amefika 40 na usahihi 97, amekwama hapo miezi na anajua anakwama wapi. Wengine wote hela hiyo nunueni kibodi.

Sasa cheti, maana najua wengine hamtafuti spidi mnatafuta karatasi. Matangazo ya kazi za ukatibu serikalini yanataka mtu aliyesoma uhazili na kufaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika, na ukipanda daraja 100. Hatimkato sio kutaipu! Ni ule uandishi wa alama wa kunasa maneno mtu akiongea. Hakuna cheti cha mtandaoni kati ya hivi nilivyotaja kinachoziba pengo hilo, uhazili unasomewa chuoni, na Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi hapa hapa Mbeya. Kozi ya mtandaoni itakusaidia usiingie darasani ukiwa unatafuta herufi kama kuku anayedonoa, na itakusaidia siku ya usaili wa vitendo ukikalishwa mbele ya kompyuta. Kwa kazi za watu binafsi, mimi mwenyewe nikiajiri cheti siangalii, nakupa ukurasa wa mwandiko na nusu saa.

Namba ya mwisho kabisa ni wale wa kwenye magrupu ya WhatsApp wanaouza "kozi kamili ya kutaipu" ambayo ni PDF ya kurasa 12, picha ya kibodi imerangiwa vidole, na ahadi ya maneno 80 ndani ya siku saba. Nililetewa moja dukani nichapishe nakala kumi. Kwenye ukurasa wa pili tu, neno "kibodi" lilikuwa limeandikwa "kibobi".