Wali wa nazi ya kukunwa, uchochoroni Kariakoo: nyota nne

Mimi fundi simu, na kwa miaka sita nilikuwa wa mwisho kunyanyuka mezani. Kila tonge na funda la maji. Nyama naitafuna mpaka wenzangu wananawa. Nikajua ni vidonda vya tumbo, nikameza dawa za asidi, hadi siku mnofu wa pilau uliponikwama kifuani harusini, hata mate hayashuki. Ulitolewa kwa mpira mwembamba wenye kamera, unaopitishwa kooni. Wakakata na vipande vidogo vya umio, njia ya chakula kwenda tumboni, wakapima: mzio. Umio umevimba, umejaa eosinofili, seli nyeupe za damu zinazohusika na mzio. Daktari akaanza kwa kunikataza maziwa na ngano.

Chapati niliiaga kwa uchungu. Maziwa nikaona si kazi, naacha chai ya maziwa basi. Kumbe! Mgahawa niliouzoea wali wao wa nazi ni wa tui la unga. Siku moja nikaomba pakiti, nikasoma nyuma: kaseineti ya sodiamu. Hiyo inatoka kwenye maziwa. Na mzio huu haukutoi vipele ukajua palepale. Unavimbisha kimyakimya, siku tonge likikwama umeshasahau ulikula nini.

Ndipo nikahamia kwa mama huyu wa turubai la bluu, uchochoro wa Mtaa wa Swahili. Nazi anakuna mwenyewe, kakalia mbuzi, tui analikamua unaona. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Shikamoo mama, humu hamna maziwa?" Akanitazama. "Marahaba mwanangu. Ng'ombe nimtoe wapi Kariakoo?"

Wali unachambuka, maharage yamelala kwenye tui zito, nyama imechemka mpaka imeachia mfupa. Sahani 3,000, na maji nakunywa nikishamaliza, kama watu wengine. Fika kabla ya saa saba, baada ya hapo unakuta ukoko.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya upawa. Upo mmoja, unatoka kwenye mchuzi wa kuku uliokolezwa unga wa ngano unaingia kwenye maharage. Nimemwambia, sasa ananiwekea kijiko changu pembeni, ila akiwepo binti yake kaa macho.

Kamera ya pili ilionyesha zile seli za mzio zimeshuka chini ya 15 kwa eneo moja linaloonekana kwenye hadubini, kiwango wanachopimia. Mwezi ujao tunarudisha ngano peke yake, halafu kamera tena. Mama keshasema chapati ya kwanza hanidai.